Picha za kisanaa chini ya maji: jinsi ya kuanza, toka swimingi puli mpaka baharini

Mtu akiona picha ya modo anaelea chini ya maji, gauni limejifungua pande zote na nywele zimesimama zenyewe, swali la kwanza huwa "umetumia kamera gani?" Kamera ina mchango wake sikatai, lakini kinachoharibu picha hizi mara nyingi ni mambo mawili tu, maji mengi mno kati ya lenzi na uso wa mtu, na mtu mwenyewe kuwa na hofu. Hayo mawili ukiyaweza, hata simu ndani ya mfuko wa plastiki itakupa kitu cha kutundika ukutani, usipoyaweza utashuka na mtambo wa bei ya kiwanja halafu utoke na picha ya kijani yenye ukungu na mtu aliyevimbisha mashavu. Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye maji, mtu na nguo, namba za kamera nitazipitia mbiombio maana hizo zimejaa kila mahali.

Huna kasha la kamera? Anzia juu ya maji

Kabla hujanunua chochote, chukua kamera au simu uliyonayo, simama ukingoni mwa puli kwenye saa tano hivi jua likiwa kali, mwambie mtu aogelee taratibu chini kidogo ya uso wa maji, na wewe piga kutokea juu. Mwaka 1917 André Kertész, kijana wa Hungaria aliyekuwa anauguza jeraha la vita, alifanya hivyohivyo kwenye bwawa la Esztergom, na picha yake ya muogeleaji aliyerefuka na kukatwakatwa na mwanga imeingia kwenye historia ya fani bila kamera kuloa hata tone. Ukipata filta ya polaraiza ni bora zaidi, ile unaizungusha mbele ya lenzi mpaka mng'ao wa juu ya maji unapungua na unaona mpaka chini. Zoezi hili linakuzoesha kusubiri, kawimbi kadogo kanaukata mkono halafu kanaurudisha, na we unabonyeza pale mkono uliporudi nusu. Watu wanarukia kuzama wakati hawajawahi hata kuyaangalia maji vizuri kutoka juu.

Maji kwanza, vingine vinafuata

Maji yanakula rangi. Nyekundu ndo ya kwanza kuondoka, ukifika mita 5 hivi nyingi imeshakwenda, inafuata ya chungwa, halafu njano, mwisho unabaki na kijani na bluu. Sasa hapa ndo hesabu inapowapotea wengi, wanadhani kinachohesabika ni kina tu. Mwanga unasafiri kutoka juu ya maji mpaka kwa modo, halafu kutoka kwa modo mpaka kwenye lenzi yako, na safari yote hiyo inahesabika. Modo akiwa mita 3 chini na wewe uko mita 2 mbele yake, mwanga umeshapita mita 5 za maji, na lile gauni jekundu ulilomlipa fundi limekuwa kahawia iliyochoka. Dawa yake ni kubaki juujuu, mita moja na nusu ya kwanza inatosha kabisa, na kumsogelea mtu mpaka uone umezidisha, halafu usogee tena kidogo. Na ujue kabisa kwamba macho yanadanganywa, ukiwa na miwani ya kupigia mbizi vitu vinaonekana karibu kuliko vilivyo kwa kama robo nzima, kwa hiyo ukidhani uko mita moja na nusu kumbe uko mbili.

Jambo la pili ni usafi. Maji ambayo ukiwa nje unayaona meupe peee, kamera inayaona tofauti, kuna vumbi, nyuzi, ngozi za watu, mafuta ya kujipaka, na ukiwasha flashi kila punje inawaka nukta nyeupe juu ya uso wa modo. Ongea na mtunza bwawa mapema na umpe chochote kitu, afyonze uchafu wa chini jana yake jioni ili maji yalale usiku kucha yametulia, na siku yenyewe pampu izimwe kama saa moja kabla hamjaanza kwa sababu ile mitambo inatema mapovu madogo madogo sana ambayo hayapandi upesi, yananing'inia tu. Uliza pia dawa imewekwa lini. Kama klorini imemwagwa asubuhi hiyohiyo ahirisha, macho ya modo yatakuwa mekundu kabla hujamaliza kupanga mwanga. Kwa wanaopima, pH (kipimo cha ukali wa maji, yana asidi kiasi gani) ya 7.2 mpaka 7.6 ndo macho yanavumilia.

Puli ya hoteli yenye watoto tangu asubuhi achana nayo hata ukipewa bure.

Kasha, mfuko au simu

Njia ni tatu. Simu za siku hizi nyingi zinahimili maji, lakini kuhimili maji ya bomba dakika chache siyo kuhimili chumvi, kwa hiyo iweke kwenye mfuko au kasha lake, na ujue skrini ikiwa ndani ya maji inachanganyikiwa, inajibonyeza yenyewe au haikusikii kabisa, kwa hiyo kabla ya kuzama iweke ipige kwa kitufe cha sauti. Kamera ndogo za GoPro zinaona upana mkubwa sana, ni nzuri kwa mtu mzima na mandhari yake yote, ila ukimsogezea mtu uso unapinda pua inakuwa kubwa, na modo hatokusamehe. Kamera kubwa inahitaji kasha gumu lililotengenezwa kwa modeli yake hasa, au mfuko mnene wa plastiki wenye kioo mbele, ambao kwa kazi ya puli ya mita 2 au 3 unatosha.

Kioo cha mbele kinabadilisha mengi. Kioo bapa kinafanya lenzi ione finyu kwa kama theluthi na pembeni rangi zinaachana achana, kioo cha nusu duara kinarudisha upana wa lenzi kama ulivyokuwa nje. Na kwa sababu tunataka kukaa karibu na mtu huku tukimuona mzima, lenzi pana ndo yenyewe, milimita 16 mpaka 35 kwa kamera ya fremu nzima, yaani yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya zamani. Lenzi ndefu ya potreti iache nyumbani.

Halafu ile raba ya mduara inayoziba kasha, mafundi wanaiita oringi. Unywele mmoja tu ukilala juu yake umeaga kamera. Itoe, ifute kwa kidole safi siyo kwa tishu inayoacha manyoya, pitishia kidole ukihisi kama kuna mchanga, paka grisi yake ya silikoni kidogo sana, kidogo mpaka inang'aa tu, irudishe bila kuikunja. Kila mara unapotaka kuingia, zamisha kwanza kasha tupu lenye karatasi ya tishu ndani kwenye ndoo kwa dakika kadhaa. Tishu ikitoka kavu ndo unaweka kamera. Najua inachosha, ifanye tu.

Namba sasa, upesi: piga kwa RAW (faili ghafi lisilochakachuliwa na kamera), shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/250 ya sekunde kwenda juu kama unataka nguo isimame kali, apacha, yaani tundu la lenzi, f/5.6 mpaka f/8, ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, anza 400 upande kadri ya jua. Waiti balansi, yaani kuifundisha kamera nyeupe ni ipi, usiiachie kamera, chukua kitu cheupe, sahani ya plastiki inafaa, kipige kwenye kina kilekile mtakachofanyia kazi na uiambie kamera hiki ndo cheupe.

Modo: pumzi kabla ya pozi

Chukua mtu anayejua kuogelea. Mtu mzuri wa sura asiyejua kuogelea hafai hata kama amekuhakikishia "mi siogopi maji", maana mwili ukiogopa unaonekana, shingo inakaza, vidole vinajikunja, macho yanafinya. Bora mtoto wa pwani aliyekulia kuruka gatini kuliko modo wa jukwaani.

Kwenye usalama sitanii hata kidogo. Usimruhusu modo, wala wewe mwenyewe, kuhema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ili eti akae muda mrefu. Kuhema kule hakuongezi hewa ya maana, kinachofanyika ni kuitoa kaboni dayoksaidi mwilini, na hiyo ndo inayomwambia mtu "panda ukahema". Ukishaitoa, kengele hiyo inachelewa, oksijeni inaisha kimyakimya na mtu anazimia ndani ya maji bila hata kutapatapa, kwenye puli ya kina cha kiuno pia inatokea. Pumzi mbili tatu za kawaida, ya mwisho ndefu kidogo, basi. Mbizi moja iwe ya sekunde kumi, kumi na tano, picha nzuri inatoka ndani ya sekunde tatu tu hapo katikati. Lazima awepo mtu wa tatu ambaye kazi yake ni moja, kumuangalia modo, hashiki simu, harekodi video za nyuma ya pazia, na awe na mkasi kiunoni wa kukatia nguo.

Ufundi wenyewe ni huu. Mapafu yakijaa mtu anaelea, kwa hiyo modo avute, ashuke, halafu atoe hewa taratibu kama nusu mpaka aache kupanda. Nusu iliyobaki aibane kooni, siyo mdomoni, akiibana mdomoni mashavu yanavimba. Midomo igusane tu isikazwe. Macho afungue akiwa bado juu, uso ukiwa ndani ya maji mpaka shingoni, akizoea huko ndo ashuke nayo wazi, na aangalie kitu kikubwa cha mbali kama kona ya bwawa maana haoni vizuri na akijaribu kuona atakunja uso. Akiwa kichwa chini miguu juu maji yanamuingia puani, hapo aachie hewa kidogo kidogo kupitia pua, mapovu yakiisha mbizi imeisha.

Na ajue kusawazisha masikio, kubana pua na kupuliza polepole, hata mita 2 masikio yanasema.

Mfanyisheni mazoezi bila kamera kwanza. Kaa naye majini, zama naye, cheka naye. "Dada, leo hatupigi picha, tunazama tu kama watoto." Ukiona ameanza kukaa chini huku mabega yameshuka yenyewe, hapo umempata. Mimi huu muda ndo nauhesabu kuwa kazi yenyewe, picha ni risiti tu.

Baridi nayo inaingia bila hodi, maji yanaondoa joto mwilini karibu mara 25 kuliko hewa, hata ya puli ya Dar yanayoonekana vuguvugu. Midomo ikianza kupauka toka, chai ya tangawizi, taulo, dakika ishirini juani ndo mrudi.

Nguo, nywele na hina

Hapa ndo pana utamu, na hapa sisi wa pwani tuna vitu vyetu. Chini ya maji kitambaa hakina uzito kilionao nje, kina tabia nyingine kabisa. Mtandio wa shifoni unafunguka, unabaki hewani, unachelewa kushuka, ukiuvuta kwa ncha unakufuata kwa mkunjo mmoja mrefu. Hariri nyepesi nayo hivyohivyo. Satini inang'aa vizuri ila inashuka haraka. Neti ile ya mashela inasimama na kushika umbo, nzuri kwa sketi pana, ila inabeba mapovu kwenye kila tundu kwa hiyo ilowekwe na kuminywa kwanza. Dera nilikuwa na matumaini nalo kwa upana wake lakini yale ya pamba na viskosi yanakunywa maji yananatia mwilini, tafuta la kitambaa cha poliesta chepesi. Kanga ni pamba, nzito, lakini kwa picha ya mtu aliyetulia wima, kanga imefungwa kifuani na ncha moja imeachiwa, maandishi yake yakisomeka nusu nusu ndani ya mikunjo, aisee inakaa.

Pindo la chini likipanda usoni, mshonee chubwi ndogo ndogo za uvuvi ndani ya pindo, nne tano zinatosha. Uzito wa kumshusha modo mwenyewe usiufiche mahali asipoufikia, uwe mkanda wa kufunguka kwa mkono mmoja. Gauni lenyewe liwe la kuvulika upesi, ndani avae nguo ya kuogelea. Gauni refu la mita nyingi likimzunguka mtu miguuni ni kamba.

Rangi: nyeupe, krimu, njano ya manjano na nyekundu zinatoka mkiwa juujuu. Bluu inamezwa na maji. Nyeusi inatoka tu kama nyuma yake pana mwanga.

Nywele asili zilizochambuliwa zinatengeneza duara la ajabu kuzunguka kichwa, lakini zinabeba hewa nyingi, kwa hiyo azame mara kadhaa akizikamua kwa vidole mpaka zisitoe tena mapovu. Rasta ndefu zinatembea polepole, kila moja na njia yake. Wigi litaondoka mbele yako, lishonwe au liachwe.

Mekapu iwe isiyotoka na maji na izidishwe kuliko ya harusi maana maji yanafuta ukali wa sura, poda ya kupuliza hapana, wanja wa kawaida hapana, mafuta ya nazi na vaselini hapana kabisa kwa sababu yanapanda juu, yanatanda, halafu yanakuja kuganda kwenye kioo chako. Kinachopendeza kuliko vyote ni piko na hina. Haitoki, haichuji, na mkono uliochorwa ukipita karibu na lenzi huku uso uko nyuma kwenye ukungu kidogo, maua yale yanaonekana moja moja mpaka kwenye ncha za vidole, na mwanga wa jua uliokunjwa na mawimbi unatembea juu yake, yaani michoro miwili inapita moja juu ya nyingine, mmoja umetulia mwingine unakimbia.

Mwanga, na huu wa jua unatosha

Saa nne mpaka saa nane mchana ndo saa zako, kinyume na picha za nchi kavu ambako tunalikimbia jua la utosini. Jua likiwa juu linaingia ndani kwa miale iliyonyooka, likiwa chini mwingi unarudishwa juu ya maji. Anga likiwa jeupe bila wingu unapata ile mistari inayocheza mwilini, kukiwa na wingu jembamba unapata mwanga laini usio na mistari, ni uamuzi wako, kwa sura mimi nachukua wingu, kwa nguo na mgongo nachukua jua.

Shida ya mwanga wa juu ni kwamba macho yanaingia kivulini. Mwambie modo ainue kidevu kidogo kuelekea juu, na laza shuka jeupe chini ya bwawa likikandamizwa kwa chubwi, litarudisha mwanga chini ya kidevu. Ngozi nyeusi chini ya maji ni zawadi, mng'ao unateleza kwenye shavu, bega, mfupa wa shingo, ila kamera ikiachiwa ijiamulie itaona bluu yote ile inayong'aa na kuutia uso giza, kwa hiyo pima kwenye uso na uweke kwa mkono. Na baadaye kwenye kuediti tafadhali usimchubue mtu.

Kwa mandhari ya giza tundika kitambaa cheusi cha velveti kikubwa, mita tatu kwa nne hivi, juu kwenye bomba na chini uzito, modo akae mbali nacho angalau mita moja na nusu ili mwanga unaompiga usifike kwenye kitambaa. Unaficha vigae na mistari ya bwawa ambayo, kusema kweli, imeua picha nyingi nzuri.

Flashi ukitumia isikae juu ya kamera, isogeze pembeni kwa mkono mrefu ikitazama kwa mshazari, vinginevyo zile punje tulizosema zitajaa fremu. Taa za kusimama ukingoni zikimulika chini zinapendeza pia, ila ziwe za betri. Waya wa umeme wa ukutani na bwawa la kuogelea havikai pamoja, hata kama fundi anakwambia "hamna shida bosi".

Kuzama na kupiga

Kubalianeni alama kabla ya kuloa. Dole gumba juu maana yake napanda, siyo safi. Kidole na gumba kufanya duara ndo safi. Anayesaidia akitaka kuwaita agonge ngazi ya chuma kwa kijiko, sauti ndani ya maji inakimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, utaisikia tu ingawa hutojua imetokea wapi.

Wewe ushuke kwanza, ukae chini yake kidogo, ukiangalia juu kwa mshazari. Modo anaingia miguu kwanza bila kuruka, nguo ikishikwa na msaidizi. Sasa angalia kinachotokea: sekunde ya kwanza ni mapovu matupu, sekunde ya pili na ya tatu nguo bado imekusanyika, halafu kuanzia ya nne hivi pindo linaanza kufunguka, mapovu yameshapanda, modo ametoa ile nusu pumzi na amesimama katikati bila kupanda wala kushuka, mkono umeachiwa, vidole vya miguu vimenyooshwa. Hapo ndo pako. Piga mfululizo sekunde tatu halafu acha aende. Wengi wanabonyeza tangu mtu anagusa maji, wakifika kwenye wakati wenyewe kamera inahangaika kuhifadhi.

Ukitaka taswira ya modo ionekane juu ya modo mwenyewe, ile picha ya watu wawili wanaogusana vipaji vya nyuso kumbe ni mtu mmoja, kaa chini zaidi na modo awe karibu kabisa na uso wa maji, na kila mtu bwawani asimame asitikisike. Ukiangalia juu ukiwa ndani unaona dunia ya nje kupitia duara moja tu lenye upana wa nyuzi kama 97, nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo. Mweke modo kwenye hiyo sehemu ya kioo. Mawimbi madogo ya mwisho kabla maji hayajalala yanaipa taswira mikunjo, hiyo mimi naipenda kuliko kioo kilichonyooka kabisa.

Vituko vinaruhusiwa. Bruce Mozert pale Silver Springs, Florida, alitumia miaka mingi kupiga watu wakila, wakisoma gazeti, wakichoma nyama chini ya maji, na moshi wa jiko lake ulikuwa maziwa ya kopo, mafuta ya maziwa yanapanda polepole. Kwa upande mwingine kuna Toni Frissell mwaka 1947 kwenye chemchemi ya Weeki Wachee hukohuko Florida, mwanamke mmoja, gauni jeupe refu, amelala chali chini ya uso wa maji, basi, hamna kingine. Kama ndo unaanza, anza na ya Frissell. Vitu vingi kwenye fremu vinahitaji mikono mingi majini.

Mkitaka kwenda baharini

Nendeni mkishaimudu puli. Chumvi inamfanya mtu aelee zaidi kwa hiyo uzito wa kumshusha uongezwe, macho yanawasha, na maji yana mwendo. Usiangalie kalenda tu, muulize nahodha wa pale pale. "Mzee shikamoo, kesho tunataka kupiga picha ndani ya maji." "Marahaba. Kesho bamvua mwanangu, maji yanakimbia, mtabebwa. Ngojeni maji mafu." Anajua anachosema, karibu na tarehe 7, 8 na 21, 22 za mwezi wa kuandama maji hayaendi mbali wala hayavuti sana. Siku hiyo ingieni maji yakiwa yanamalizia kujaa, ndo yanaleta maji masafi kutoka nje ya mwamba, yakitoka yanabeba mchanga na majani. Kwa misimu, kusi ikivuma kwa nguvu upande ulio wazi sahau, upepo unapobadilika, Oktoba Novemba na tena Machi kabla masika hayajakolea, bahari inalala vizuri.

Mchanga mweupe wa chini ni shuka lako la kurudishia mwanga, bure. Matumbawe msikanyage wala kushika, gauni nalo likiyapitia linayavunja na linachanika. Jihadharini na wale viumbe wa chini wenye miiba myeusi, na konyeza. Ndani ya hifadhi kama Mafia, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu 1995, au Watamu na Malindi tangu 1968, lipeni kiingilio na ulizeni mapema kuhusu kibali cha picha za biashara. Upande wa Paje na Jambiani, kule Unguja, kuna mapango yenye maji baridi, miale ya jua inashuka humo ni hatari, lakini ni ya wenyeji na mengine yana mila zake, omba ruhusa, vaeni stara mnapopita kijijini, na msishangae mtu akisema amemuona jini bahari kwa shela jeupe linalotoka majini.

Ukitoka

Kasha usilifungue. Liloweke zima kwenye ndoo ya maji ya bomba nusu saa, bonyeza vitufe vyote humohumo chumvi itoke, likaushe, jikaushe na wewe kichwa mpaka mikono, ndo ufungue kioo kikitazama chini.

Kwenye kuediti, rudisha nyekundu kidogo kwenye ngozi bila kugusa bluu ya maji, futa punje za usoni uache chache za nyuma, na jaribu kuigeuza picha juu chini, mara nyingi uso wa maji ukawa sakafu picha inapata maana nyingine kabisa. Mapovu yanayotoka puani yakiharibu mdomo yafute, ya kwenye nywele yaache.

Ukienda kuprinti, chagua karatasi isiyong'aa maana bluu nzito kwenye karatasi ya kung'aa inarudisha taa za chumba na huoni kitu, na ongeza mwanga kidogo kuliko unavyoona kwenye skrini, karatasi siku zote inatoka na giza zaidi. Mwombe fundi akutolee kwanza kipande cha majaribio cha A4 kabla hujalipia kubwa, na ukitazame nje mchana, siyo chini ya taa za duka lake.